Kukodi mwongoza wageni Mkunazini: muambieni asitazame kola

Wachungaji wenzangu wa Bara wanaoleta kwaya na vijana wao Unguja huniuliza kama inafaa kumkodi mtu wa kuwatembeza Mkunazini, pale Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, au waingie wenyewe wasome mabango. Nasema kodini. Ila kuna jambo la kumwambia mapema, kabla hajafungua mdomo.

Sisi tulimchukua kijana wa Mji Mkongwe. Jina lake na ofisi yake nayahifadhi, maana nina sifa zake na nina lawama pia. Kitambulisho kilikuwa shingoni, bei tulipatana kabla: shilingi 60,000 kwa kundi zima, kiingilio mbali, na hadi mwisho hakudai hata soda. Hilo si dogo. Pale Darajani papasi, wale wanaovizia wageni, wamejaa, ukizubaa utatembezwa na mtu asiyejua hata lango la kanisa liko upande gani. Huyu tulimkuta keshafika, kanzu imepigwa pasi, Kiswahili cha mjini kinateleza. Akaona kola yangu ya upadri, akanipa mkono. "Karibu sana, Padri."

Alianza na vyumba vya chini, vinavyosemwa ndimo walimofungiwa watumwa, kama wanavyoanza wengi. Ukishuka ngazi lazima uiname. Mpiga kinanda wetu, mrefu kuliko wote, alisikiliza maelezo yote shingo ikiwa imepinda. Pembeni kuna vibaraza vya mawe, matundu ya hewa ni membamba, na minyororo ipo ya kutazama. Kijana akatutajia watu wangapi walirundikwa mle na kwa siku ngapi, bila kumeza mate. Kundi la Wataliano lilikuwa nyuma yetu na mwongozaji wao, na kwa mikono ya yule bwana nilijua hadithi ni ileile, mapumziko yaleyale, hata pale pa kushusha sauti ni palepale.

Hapa nina neno. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni, soko likiwa limeshafungwa miaka mingi, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo havikuwa vya watumwa hata kidogo. Mwongozaji anayepokea pesa ya watu angalau aseme kwamba jambo lina mabishano. Soko lenyewe halina mabishano. Lilikuwapo hapo, na lilifungwa Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba huku Waingereza wamembana. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Hayo peke yake yanatosha kumliza mtu. Chumvi ya nini?

Tukatoka nje hadi kwenye sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa kwa mnyororo shingoni, nyuso zao hazifanani. Kundi letu lilinyamaza lenyewe, hakuna aliyewaambia. Tulikuwa na binti mmoja Mwislamu, jirani wa mapacha wetu wa kwaya, aliyeomba ruhusa kwao aje kwa kuwa safari ya skuli yao iliahirishwa. Yeye ndiye aliyeuliza: "Kaka, waliowauza ni akina nani?"

Kijana akanitazama mimi kwanza. Akatazama kola. Kisha akajibu, "Waarabu. Halafu Wazungu Wakristo wakaja kuwakomboa." Binti akavuta mtandio wake mbele, akarudi nyuma ya mapacha.

Mwongozaji mwenyewe ni Mwislamu, mwana wa mjini, na alikuwa ananipa mimi hadithi anayodhani nimeilipia, kama fundi anayekukatia suti kwa kukutupia jicho tu bila kuchukua vipimo. Suti hiyo hainitoshi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa, na huyo alikuwa mtu wa taifa la Kikristo. Uingereza iliitwaa Zanzibar kuwa himaya yake mwaka 1890, na utumwa ukaendelea kuwa halali chini ya bendera hiyo hadi 1897. Na watu wa babu yangu, Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na wamo kati yao waliouza binadamu wenzao. Babu mwenyewe alikuja Unguja kuchuma karafuu, akabaki, ndiyo maana nikazaliwa hapa. Sina kwa kujificha katika habari hii.

Sisemi haya kwa kupenda ubishi. Tunaoishi hapa tunakumbuka 2012, makanisa yalipochomwa moto, na Februari 2013 padri wa Kikatoliki alipopigwa risasi akafa. Tunakumbuka pia majirani Waislamu waliokuja kutupa pole milangoni. Leo simu za vijana zimejaa vipande vya video, huyu akimtukania yule dini yake au asili yake, na uchaguzi ukikaribia vinaongezeka. Binti wa miaka kumi na sita akitoka Mkunazini anaamini dini ya mama yake ndiyo iliyojenga soko, au kijana wangu wa kwaya akitoka anaamini ya kwake haina doa, basi tumelipa 60,000 kununua matatizo.

Nikamvuta pembeni. "Kaka, tuhadithie kama unavyowahadithia wadogo zako nyumbani. Mie usinitazame."

Akacheka kidogo. "Hutakasirika, Padri?"

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine, na hii ndiyo sehemu ninayowasifieni. Ndani ya kanisa alituonyesha duara la marumaru mbele ya madhabahu, mahali inaposemwa palisimama nguzo ya kuchapia watumwa, na msalaba wa mti kutoka Chitambo, Zambia, pale moyo wa mmisionari David Livingstone ulipozikwa. Kwa Livingstone hakukaa sana. Akakaa kwa Susi na Chuma, watumishi wake waliobeba maiti yake hadi pwani kwa miguu, na vijana wakamuuliza maswali mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nguzo zilizosimamishwa kichwa chini zilipata kicheko na picha, tukapita.

Akasimulia pia kwamba sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, na kwamba saa ya mnarani inasemekana ni zawadi ya Barghash. Nikamwongezea langu moja: Askofu Edward Steere, aliyezikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882, ameandika mwenyewe katika utangulizi wa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kwamba mwanachuoni wa hapa mjini, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kijana hakuwa akilijua. Akatoa simu akaliandika, akaniomba nirudie jina. Mwongozaji anayeandika jambo mbele ya wateja wake, huyo mimi namwamini.

Kisha tukiwa tumekaa kwenye mabenchi, bila kuulizwa, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa na bibi aliyeletwa Unguja kutoka Manyema, huko Kongo, akanunuliwa. "Kwetu halisemwi hilo mbele ya watu. Posa zinaharibika." Mmoja wa mapacha akasema kwao vilevile halisemwi. Yule binti naye akasogea benchi la mbele.

Mengine ya kujua. Msiende siku ambayo meli ya kitalii imetia nanga, hamtasikiana. Maonyesho ya mabango yaliyomo kwenye jengo lile la vyumba ni mazuri na yametungwa kwa uangalifu kuliko maneno ya wengi wanaotembeza, kwa hiyo tengeni nusu saa ya kusoma tu. Mabega na magoti yafunikwe. Wenye matatizo ya pumzi wasishuke chini. Kula, vukeni barabara tu: urojo wa Darajani baada ya alasiri utawatosha, ila kipindi cha Ramadhani au Kwaresima pangeni ratiba mjue nani amefunga, maana mwaka 2025 vilianza karibu pamoja na nusu ya kundi ingekuwa na njaa ya halali.

Kijana huyu nimeshamwekea nafasi ya Desemba kwa kundi la wazazi, bei ileile. Tumepatana aanzie kanisani, kisha kwenye sanamu, na vyumba vya chini viwe mwisho. Muda ukiwa haba, tutaviacha.