Waya za umeme mkubwa: Uingereza mita 7.3, India 8.8, nani yuko sawa?

Laini ya kilovolti 400 (volti laki nne) kule Uingereza inatakiwa iwe mita 7.3 kutoka ardhini, India wao mita 8.8. Ila usikimbilie kusema India ndo wako makini zaidi maana ukishuka kwenye kilovolti 132 mambo yanageuka, India 6.1 Uingereza 6.7 (hata mi nilirudia kusoma). India wanaanzia 5.2 kwa laini ya kilovolti 33 afu kila kilovolti 33 ikizidi hapo (hata isipotimia) wanaongeza sentimita 30, ndo maana juu huko inapaa hivyo. Na huo urefu kutoka ardhini unapimwa waya ukiwa umepata joto na kulegea, sio asubuhi ya baridi. Mi kwa 400 nachukua ya India, maana matrekta na lori zinapita chini zimejaa mizigo hadi juu.