Kozi ya jioni ya seli shina pale Kabwe, Mbeya: nilivyoiona

Wadau wa maabara mnaoniuliza inbox kuhusu ile kozi ya seli shina (zile seli mama zinazozaa seli nyingine) ya maeneo ya Kabwe, mi nasema nendeni, elfu 40 kwa jioni nne hela yangu haijapotea, ila kuna kitu lazima wakirekebishe nitakisema.

Nilijiunga sababu mtoto wa kiume wa dada angu ana selimundu na kila siku tunasikia habari za kupandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, nikataka kujua hii kitu imeanzia wapi. Jioni ya kwanza ilikuwa historia, watafiti Till na McCulloch kule Toronto 1961, panya wanapigwa mionzi kisha wanachomwa seli za uloto wa panya wengine, vinaota vinundu kwenye wengu. Sawa tu.

Jioni ya pili sasa! Madam kaandika ubaoni DUME na JIKE akauliza, mkipandikiza, seli za nani zinaenda kwa nani? Darasa kimya. Mi miaka yote nilijua panya ni panya, hasa hawa weusi wa C57BL/6 waliozalishwa ndugu kwa ndugu mpaka wamekuwa kama mapacha. Kumbe ngozi ya jike ukimpandikiza dume inashika, geuza sasa, mpe jike ngozi ya dume anaikataa, na ni ukoo uleule! Watafiti Eichwald na Silmser waliliona hilo 1955. Kromosomu Y, ambayo dume tu ndo anayo, inatengeneza protini ambazo mwili wa jike haujawahi kukutana nazo kwa hiyo kinga yake inazipiga vita, ndo hiyo wanaita antijeni ya H-Y. Halafu Y hiyohiyo inayoleta ugomvi inawafaa watafiti, wanaweka seli za dume ndani ya jike kisha wanaitafuta Y kwenye damu au msuli, ikionekana ujue seli zimefika na zinaishi.

Na haiishii kwenye kukataliwa. Mwaka 2007 watafiti wa Pittsburgh walipandikiza seli shina za misuli kwa panya wenye ugonjwa wa misuli kudhoofika, za majike zikajenga nyuzi za msuli vizuri kuliko za madume. Mwaka 2014 ikaonekana seli shina za damu za jike zinagawanyika mara nyingi zaidi sababu ya estrojeni, ile homoni ya kike, na akibeba mimba ndo zaidi. Kwa hiyo ukiweka majike kundi hili na madume kundi lile halafu ukatangaza dawa imefanya kazi, pengine ulichopima ni jinsia tu!

Hapo nikawaza nyumbani, maana tulikuwa tunasema tu dada yake atamtolea uloto basi. Kufanana kwa tishu ndo kitu cha kwanza, hilo nilishajua, ila sikujua kwamba hata kwa binadamu mwanaume akipewa uloto wa mwanamke hatari ya seli mpya kuushambulia mwili wake inaongezeka. Nimeshaliandika, ni swali la kumuuliza daktari.

Sasa kilichoniuma. Karatasi la zoezi lina panya 10 huku na 10 kule, jinsia hawajaandika popote, baada ya yote tuliyofundishwa! Nikanyoosha mkono, madam akakubali kabisa akasema yale makaratasi ni ya ofisini yameprintiwa zamani. Jioni ya nne likaja lilelile vilevile. Mwanafunzi asiyeuliza ataondoka anajua dume au jike ni stori ya ubaoni tu, kwenye hesabu haihusu, na hiyo ni hasara kubwa kuliko umeme uliokatika mara mbili.

Chai ya tangawizi ipo, madam anafundisha kwa moyo, akiulizwa hachoki. Awamu inayofuata wanasema ni baada ya Nanenane. Beba sweta, na wakikupa lile karatasi waulize hao panya ni dume au jike kabla hujapiga hesabu hata moja.