Ramani ya mafuriko ya bahari ya Climate Central: nilivyokagulia kiwanja cha mdogo wangu

Mimi ni mpima ardhi, nakaa Uyole, Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Bahari haikuwahi kuninyima usingizi mpaka mdogo wangu alipolipa nusu ya bei ya kiwanja karibu na Bagamoyo, kisha akaniambia, "Kaka, hebu nikagulie." Nilianza na ramani ya mtandaoni ya Climate Central, shirika la Marekani. Ni ya bure, unachohitaji ni bando tu.

Unachagua mwaka, au unapandisha maji kwa kipimo unachotaka, na ardhi iliyo chini ya kiwango hicho inageuka nyekundu. Niliweka nusu mita. Kiwanja chote kikawa chekundu. Na nusu mita si kutia chumvi: ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inakadiria bahari kupanda kati ya mita 0.28 na 1.01 ifikapo 2100, kutegemea hewa ukaa tutakayoendelea kutoa.

Ninachoiheshimia ramani hii ni kazi iliyofanywa kwenye urefu wa ardhi. Ramani nyingi za dunia zilitegemea rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Penye minazi au nyumba, rada ile mara nyingi ilisoma majani na mapaa badala ya udongo, hivyo pwani ikaonekana imeinuka kuliko ilivyo. Hawa walifundisha kompyuta kusahihisha kosa hilo kwa vipimo vya leza vilivyochukuliwa kutoka ndegeni huko Marekani. Walipotoa hesabu mpya mwaka 2019, watu duniani wanaoishi chini ya mstari wa maji kujaa walitoka milioni 28 wakafika milioni 110. Ardhi ni ile ile, kilichobadilika ni kipimo. Jambo hilo lilinigusa sana kama mpima.

Hata hivyo, usikate shauri la kiwanja kwa rangi peke yake. Data yake ni miraba ya takriban mita 30, kwa hiyo kiwanja cha 20 kwa 20 kinaweza kumezwa na mraba mmoja. Haihesabu mawimbi wala ufukwe unaoliwa. Na wenzangu wa Kyela, mafuriko yetu ya mito ya Songwe na Kiwira hamtayakuta humo.

Jambo la kushika zaidi ni sifuri yake. Sifuri ya ramani ni wastani wa maji kujaa ya kila siku, na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huupita wastani huo hata leo. Dalali alimpeleka mdogo wangu kiwanjani siku ya maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo, mwezi ukiwa nusu, bahari imetulia mbali kabisa. Hakumwambia kitu. Hilo limenikera mpaka sasa.

Nilipanda basi la usiku, nikafika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, ya upande wa bahari ilikuwa imezungukwa na mwani mkavu, na vifuu vya nazi vilikuwa vimejipanga mstari ndani ya mpaka, hatua saba kutoka kwenye bikoni. Mzee mmoja mvuvi aliponiona nimeinama alisimama. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Maji hayo ni ya juzi tu. Kusi ikivuma na bamvua, yanafika kwenye ule mkungu." Mti huo wa mkungu aliouonyesha ulikuwa nyuma ya kiwanja.

Nilifunga leveli, kifaa cha kupimia tofauti ya urefu wa ardhi, nikapima kutoka mstari wa vifuu hadi kona ya juu kabisa: sentimita 40. Kisha nikapima eneo la ndani, ng'ambo ya barabara, ambalo ramani haikulipaka rangi hata nilipoweka mita 2. Likatoka mita 4.3 juu ya mstari ule ule. Mdogo wangu anazungumza na mwenye eneo hilo wiki hii. Fedha ya kwanza dalali bado hajairudisha.