Nilivyompeleka mama Amani: msitu hauna kosa, waliotupeleka ndio wameniudhi

Zimepita wiki kadhaa tangu nimpeleke mama kwenye msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, na bado nikikumbuka moyo unanidunda, kwa hiyo mnivumilie. Bei za kampuni iliyotupeleka na aina ya gari mtaviona wenyewe kwenye matangazo yao. Mimi nataka kusema jinsi kijana wao mmoja alivyomjibu mama yangu.

Mama ana miaka 67, mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Miaka nenda rudi tunakunywa maji ya Mto Zigi, yale yanayokusanywa bwawa la Mabayani ndipo yaje mjini. Siku moja anajaza ndoo akasema, "Maji haya yanashuka kutoka Amani, na mimi nitakufa sijaiona Amani." Neno hilo likanikaa.

Nikawapigia watu wanaoandaa matembezi hapa hapa Tanga. Jina silitaji. Nilieleza taratibu, mara mbili: mama ana shida ya magoti, nataka njia fupi ya mzunguko, tuanzie geti la Zigi, tusipande mlima, turudi tulipoanzia. Dada wa kwenye simu akanijibu, "Hiyo nyepesi kabisa, hata watoto wa chekechea wanaimaliza." Nikalipa siku hiyo hiyo.

Kufika Zigi, pale penye kituo cha zamani cha reli ya Mjerumani, naona gari halisimami. Kumbe wenzetu garini, vijana waliotoka Dar, walitaka kupiga picha juu ya kilima cha Mbomole, na kijana anayetuongoza alishakubaliana nao. Sisi hatukuulizwa. Gari likapandisha mpaka Amani kwenyewe, tukashushwa, tukaambiwa twende.

Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Njia ina mizizi, majani yameloa, ukikanyaga vibaya unateleza. Mama alijitahidi kama nusu saa, mwishowe akasimama akashika mti. Yule kijana akageuka na simu yake mkononi. "Bibi, kama magoti hayakubali ungebaki nyumbani. Rudi ukakae garini." Halafu akaendelea kupanda.

Tangu asubuhi hakuwa amempa shikamoo. Hata pole hakusema.

Mama hakujibu kitu. Alifungua khanga yake kiunoni akaifunga upya, na ilikuwa imefungwa vizuri tangu tulipotoka nyumbani. Mimi nilitetemeka.

Nikipoa najiambia labda namwonea. Ni mdogo, yuko peke yake na watu kumi, na wale vijana walikuwa wanamharakisha. Dereva wao naye alikuwa mtu mwema sana, alimshika mama mkono kila anaposhuka. Nilitaka hata niandike kwamba kampuni ni nzuri ila kijana ndiye tatizo. Lakini hapana. Niliyoyasema kwenye simu yaliishia kwenye simu. Walichukua pesa ya matembezi ya mzee wakampeleka mzee kwenye matembezi ya vijana, na hilo si kosa la kijana mmoja.

Aliyeiokoa siku yetu ni mzee wa kijijini anayeongoza wageni, tulimkuta chini tuliporudi. Alimsalimia mama, akampa pole ya safari, ndipo akauliza: unatembea muda gani kabla hujachoka? Goti lipi? Linauma ukipanda au ukishuka? Mama akasema la kushoto, akishuka. "Basi tutafuata njia inayoshuka kidogo kidogo," akasema, akamkatia fimbo, akaipima kwanza kwa urefu wa mkono wa mama.

Tulizunguka kwenye bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Hatukumaliza hata saa mbili, na kupumzika ndani yake. Mzee alipasua punje ya iliki mbichi akamwekea mama kiganjani anuse. Mbega walikuwa juu, mikia myeupe inaning'inia. Kwenye jiwe lenye kivuli akatuonyesha ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliotesha kwenye vyungu madirishani. Akasema mkuu wa wilaya wa Kijerumani, aliyekaa Tanga, ndiye aliyelipeleka kwao mwishoni mwa miaka ya 1800. Mama akaliangalia muda mrefu. "Kumbe hili ni la kwetu?"

Mwisho tukafika kwenye kijito. Mzee akasema hiki kinakwenda kuingia Zigi. Mama akachutama polepole kwa fimbo yake, akatia mkono, akanawa uso, akakaa kimya pale. Sikumharakisha.

Kwa hiyo ukiniuliza niende Amani au nisiende, nasema nenda, na umpeleke mzazi wako. Masika epuka, vaa raba zenye meno, fika asubuhi. Ila ongea na mtu atakayewaongoza yeye mwenyewe, siyo wa kwenye simu, na akwambie njia inapanda wapi na inashuka wapi kabla hujatoa hata shilingi. Asiyekuuliza habari za magoti ya mzee wako, mwache.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa alama moja kwa ajili ya dereva. Juzi wamenipigia, wanasema "pole kwa usumbufu" na wako tayari kunirudishia nusu ya pesa. Usumbufu! Hiyo alama nimeifuta. Pesa kaeni nazo. Namba ya mama mnayo, niliwaandikia kwenye fomu. Kijana ampigie yeye, na aanze na shikamoo.