Kibodi ya gemu kwa hewa ya Mombasa: ninavyoipima kabla ya kulipa

Kabla ya kuangalia taa na rangi, jiulize mambo mawili: unacheza gemu gani, na kibodi ikiharibika utaitengenezaje. Hilo la pili wauzaji wengi hawaligusi, na kwetu sisi wa Pwani ndilo linaloamua kama pesa yako imekwenda mahali pazuri. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Ndani ya kibodi mna chuma kingi kuliko watu wanavyodhani: bamba linaloshikilia swichi (vijisanduku vinavyokaa chini ya vitufe vya mekanikali), waya ulio chini ya Space na Enter, na vijibati vya mguso ndani ya kila swichi. Vyote hivyo vinashika kutu.

Nimetumia aina tatu zinazouzwa hapa, yaani za mpira, za mekanikali na za sumaku, na hukumu yangu ni hii: ukiweza kufika shilingi 5,000 hivi, chukua mekanikali ambayo swichi zake zinachomoka bila kulehemuliwa. Usipoweza, chukua ya mpira iliyopita majaribio nitakayoeleza, na usiongeze hata mia kwa ajili ya taa.

Tuanze na mfuko wa shilingi 2,000 kushuka. Hapo tegemea kibodi ya mpira, hata kama boksi limeandikwa Gaming kwa herufi kubwa. Chini ya vitufe kuna shiti ya mpira yenye vinundu, na chini ya mpira kuna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati ina matundu. Ukibonyeza kitufe, kinundu kinasukuma karatasi ya juu iguse ya chini kupitia tundu. Ni kifaa kimya, chepesi, na kwa gemu nyingi kinatosha.

Kasoro yake ni vitufe kumezana. Vitufe vimepangwa kwenye gridi, na kwa kuwa hakuna diodi (kijipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu), ukishika vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili wa gridi hiyo, kibodi haiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa au la. Ili isitume herufi ya uongo, inakizuia kile cha tatu. Mchezaji wa gemu za soka, awe wa EA FC au eFootball, ndiye anayeumia sana. Unashika mshale wa juu na wa kushoto ili ukimbie kimshazari, unashika kitufe cha mbio, halafu unapiga pasi: vitufe vinne kwa mpigo. Pasi isipotoka, lawama inaangukia gemu wakati kosa liko mezani.

Kwa hiyo, ukiwa Moi Avenue au Digo Road, usilipe kabla haijachomekwa kwenye kompyuta. Mwambie muuzaji, “Ndugu yangu, nifungulie niijaribu kidogo.” Akikataa, maduka yako mengi. Fungua Notepad, shika Shift zote mbili, kisha pitia herufi A hadi Z moja moja. Zisizotokea ndizo zinazomezwa. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika osk, na kibodi ya skrini itafunguka. Shika W, A, Shift na Space kwa pamoja uone kama vyote vinne vinawaka kwenye skrini. Rudia kwa mishale miwili pamoja na vitufe vya mbio na pasi unavyotumia kwenye gemu yako. Maandishi ya Anti-Ghosting kwenye boksi, yaani kwamba vitufe havimezani, yasikutulize. Kwenye kibodi za mpira, mara nyingi yanahusu vitufe vichache vya eneo la WASD (W, A, S na D) tu, na mchezaji wa mishale hafaidiki nayo.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: kompyuta nyingi za mitumba hapa zimetoka Uingereza na Windows yake imepangwa kwa mpangilio wa huko. Ukichomeka kibodi ya mpangilio wa Marekani, @ na alama za kunukuu zitabadilishana nafasi. Kibodi haina ubovu. Ingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza kibodi ya US, ondoa ya UK, basi.

Sasa mfuko wa kati, shilingi 4,000 hadi 7,000, ambako uamuzi wenyewe uko. Hapa kila kitufe kina swichi yake na, kwenye kibodi iliyotengenezwa vizuri, diodi yake, hivyo kumezana kunaisha. Lakini hakikisha ni mekanikali kweli, kwa sababu kuna za mpira zinazouzwa kwa maneno Mechanical Feel. Ng'oa kofia ya kitufe kimoja. Ukiona kijisanduku cha plastiki kinachojitegemea, chenye kijiti cha umbo la msalaba katikati, ni mekanikali. Ukiona mrija uliotoka kwenye bodi yenyewe na mpira chini yake, umeuziwa maneno.

Rangi ya kijiti ndiyo inayokueleza tabia ya swichi. Cherry wa Ujerumani ndio walioanzisha mtindo huu, na baada ya hataza yao kwisha, Gateron, Kailh na Outemu wakatengeneza za kwao kwa rangi zile zile. Kwa vipimo vya Cherry, nyekundu inateremka laini moja kwa moja, inahitaji takriban gramu 45, na inashika, yaani kompyuta inapata mbonyezo, ikifika milimita 2 kati ya 4 za safari yote. Ya kahawia ina kigongo kidogo njiani na inahitaji kama 55. Ya bluu ina kigongo na mlio, inataka kama 60, na inashika kwenye milimita 2.2. Kwa gemu za kupiga risasi mimi nachagua nyekundu, maana ndiyo inayochosha kidole kidogo zaidi unapogonga A na D mfululizo. Anayeandika sana mchana na kucheza jioni achukue kahawia. Ya bluu siipendekezi kwa nyumba za Mombasa. Tunalala madirisha wazi, na mlio ule saa sita za usiku unafika kwa jirani na kwenye maikrofoni ya wenzako.

Tatizo kubwa la mekanikali hapa kwetu ni kitufe kuandika mara mbili. Unabonyeza A mara moja, zinatoka mbili; au umeshika W na mhusika anasitasita. Sababu ni kwamba vijibati viwili vya mguso ndani ya swichi vimepata uchafu au chumvi, mguso unakatika na kurudi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kibodi inahesabu mibonyezo miwili. Huanza kwenye vitufe vinavyotumika zaidi, hasa karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Tiba ya kwanza ni kusafisha. Chomoa USB. Ng'oa kofia, bonyeza kijiti chini ukishikilie, dondosha tone moja au mawili ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu pembeni mwa kijiti, kisha bonyeza na kuachia haraka mara 40 au 50. Acha ikauke vizuri kabla ya kuchomeka tena. Alkoholi ya asilimia 70 ya duka la dawa inafanya kazi, ila karibu theluthi yake ni maji, basi iache usiku mzima. Kama kilichoingia ni vumbi au grisi, tatizo litaisha. Kama kijibati kimeliwa na kutu, litarudi, na hapo huna budi kubadilisha swichi.

Hapa ndipo tofauti ya kibodi mbili za bei karibu sawa inapoonekana. Kwenye ile iliyolehemuliwa, fundi atafungua bodi yote, ayeyushe risasi ya kulehemu kwenye miguu miwili ya swichi, na mara nyingi ya taa pia, kwa sababu miguu ya taa imepita ndani ya swichi. Kwenye ile yenye soketi, yaani ambayo swichi zinachomoka, unaingiza koleo ndogo inayokuja kwenye boksi, unabana vichwa viwili vya swichi, juu na chini, unavuta wima. Kabla ya kupachika mpya, itazame kwa chini: miguu miwili ya shaba iwe imenyooka kabisa. Mguu uliopinda kidogo tu ukisukumwa kwa nguvu unajikunja chini ya swichi, kitufe kinakufa, na watu hudhani bodi imeungua. Ukijikunja, chomoa, unyooshe kwa koleo, rudisha. Inaudhi lakini inapona.

Unaponunua swichi za akiba, uliza soketi ni ya aina gani. Baadhi ya kibodi za bei nafuu zina matundu membamba yanayokubali swichi za Outemu peke yake, na Gateron au Kailh haziingii. Pia kuna swichi za miguu mitatu na za miguu mitano. Miwili ya ziada ni plastiki tupu ya kushikilia, na bodi yako ikiwa ya mitatu unaikata kwa kikata kucha. Nunua akiba ya swichi siku ile ile unayonunua kibodi, angalau za kutosha WASD, Space, Shift na mishale.

Jaribu pia Space kabla ya kulipa. Igonge kushoto, katikati na kulia. Ikitoa mlio wa bati linalotikisika, waya wa chini yake haujapakwa grisi. Nyumbani paka grisi ya silikoni kidogo kwenye ncha mbili za waya zinapoingia kwenye plastiki. Sauti inatulia, na grisi ile ile inazuia kutu.

Ukubwa ni suala la nafasi. Vitufe 104 vinasukuma mausi mbali na mkono wako. 87 vinaondoa namba za kulia na ndio ukubwa ninaoupenda. Vile 61 havina mishale ya kujitegemea, kwa hiyo mchezaji wa soka kwa mishale asiviguse.

Mfuko wa shilingi 10,000 kwenda juu unakuletea swichi za sumaku. Kijiti kina sumaku, na kihisi kilicho kwenye bodi kinapima umbali wake, hivyo unaweza kuamua kitufe kishike wapi, tangu milimita 0.1 kwenye kibodi nyingi. Zaidi ya hapo, kitufe kinaweza kujizima pale pale unapoanza kukiachia bila kusubiri kirudi juu. Hiyo ndiyo inayoitwa Rapid Trigger, iliyopata umaarufu kupitia Wooting ya Uholanzi. Kwa gemu za kupiga risasi kama Counter-Strike na Valorant faida yake inaonekana, kwa sababu mhusika anasimama haraka kabla ya kupiga. Kwangu mimi faida nyingine ya Pwani ni kubwa zaidi: hakuna vijibati vya kugusana, basi ugonjwa wa kuandika mara mbili kwa sababu ya kutu haupo. Waya wa Space bado unashika kutu kama kawaida. Jihadhari na kitu kimoja: tangu Agosti 2024, Valve, kampuni yenye gemu hiyo, hairuhusu kwenye seva zake rasmi za Counter-Strike 2 ile huduma ya kibodi kukuamulia kati ya A na D vikishikwa pamoja. Izime kwenye programu ya kibodi, la sivyo unatolewa kwenye mechi.

Kwa kasi ya kuripoti, yaani kibodi inaiarifu kompyuta mara ngapi kwa sekunde, hetsi 1,000 ni taarifa kila milisekunde 1, na hetsi 8,000 ni kila milisekunde 0.125. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini seva ya gemu ikiwa Ulaya ping yako (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) bado ni kubwa, na sehemu ya milisekunde hutaihisi. Usilipie 8,000. Isiyo na waya ninaikubali ikiwa na kipokezi cha gigahetsi 2.4, na kipokezi hicho kisikae karibu na tundu la USB 3.0 linalofanya kazi, kwani kelele yake inaingilia masafa hayo hayo. Bluetooth iachie kuandika.

Ukinunua iliyotumika, igeuze kwanza uangalie skrubu za chini. Zikiwa na kutu ya kahawia, ng'oa Space na Enter utazame nyaya zake, kisha andika kila kitufe ukitafuta kinachojirudia. Kwa yenye soketi, skrubu zenye kutu ni sababu ya kupunguziwa bei. Kwa iliyolehemuliwa, irudishe mezani uendelee na safari.