Dadu nne za kudandia taa: uzoefu wangu na meza ya wikendi

Paka Shume amevunjika mkono, na mimi ndiye niliyelipa shilingi 800 ili avunjwe.

Paka Shume ni mhusika wangu, mwizi, kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza visa na kurusha dadu uitwao Dungeons & Dragons. Nimemlea tangu hana hata kisu cha maana. Kuna mkahawa hapa Nairobi, jina nalimeza, ambao wikendi hukukodishia kiti mezani pamoja na msimulizi wa kuendesha mchezo. Chai yao ni nzuri. Nimemaliza kusifu.

Basi, nusu. Kilichonivuta ni karatasi ya sheria zao wenyewe iliyobandikwa ukutani: ukisimulia sarakasi yako kwa ufundi, unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Kurusha mbili kumo kwenye kitabu cha sheria za mchezo, ila hapa ni ujira wa mdomo. Mimi nimelelewa Kisauni, Mombasa, na nyanya ambaye akisema "paukwa", usingizi unaisha nyumba nzima. Nilipe hela, kisha nilipwe kwa kusimulia? Nikaona nimefika kwetu.

Ikafika zamu yangu. Ukumbi wa mfalme, zimwi katikati, Paka Shume juu roshani, futi 30. Nikaanza: anaikanyaga kingo kama inamdai kodi, anaruka, anaidaka ile taa ya mishumaa inayoning'inia, taa inapiga bembea, nta ya moto inamwagikia zimwi utosini, zimwi linainua macho kuuliza nani huyo, na jibu linashuka na kisu. Meza ikapiga makofi. Jamaa wa meza ya pili aliacha samosa yake.

Msimulizi hata hakuinua kichwa. "Siste, rudia kwa Kiingereza ndio nijue kama nakupa dadu ya pili."

Nikarudia. Ikatoka kama ripoti ya polisi: mtu aliruka, alishika taa, alichoma zimwi. "Hiyo ni ya kawaida tu," akasema. Dadu ya pili ikaota mbawa.

Ningenyamaza hapo, wallahi. Lakini akadai nirushe mara nne: kuruka, kudaka, kutua, kuchoma. Zote zikubali, na 1 ikitokea popote ni balaa. Sasa sikilizeni, maana hili nimelipigia hesabu kwenye matatu hadi nikapitishwa stendi yangu. Paka Shume anaongeza 7 kwenye dadu kwa wepesi wake. Kipimo cha kati kitabuni, yaani jumla ya kufikia, ni 15. Nahitaji 8 kwenda juu, yaani nafasi 65 kwa 100. Mrusho mmoja, haki kabisa. Mirusho minne ya namna hiyo, nafasi inabaki kama 18. Hata angeamua jambo ni gumu na kuweka kipimo 20, mrusho mmoja ungeniachia 40! Na ile 1 yake? Katika dadu nne, nafasi ya kuiona angalau mara moja ni 18 na nusu. Kwa hiyo nilikuwa karibu zaidi na balaa kuliko na ushindi, na bado anaiita sheria ya kuhimiza ushujaa. Kitabu cha 2014 chenyewe kinasema 1 ni kukosa unaposhambulia. Kwenye kuruka na kudaka haina laana yoyote.

Ya tatu ikawa 1. Kuanguka futi 30 ni dadu tatu za pande 6, hilo limeandikwa, silalamiki. Mkono kuvunjika ni wa kwake. Nilipouliza umetoka wapi, akacheka: "Hii si sinema ya Kihindi."

Haikupita nusu saa, rafiki yake aliteleza na ngao kwenye ngazi huku anafyatua mishale. Mrusho mmoja. Dadu ikaonyesha 9. "Imeingia!"

Tukicheza kadi nyumbani, ukisahau kusema "niko kadi" humalizi, hata ulie. Lakini hilo unalijua kabla kadi hazijagawanywa. Hakuna anayelizua ukiwa umebakiza moja mkononi.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Halafu majuzi nikaijaribu karatasi yao na binamu zangu, mrusho mmoja, Kiswahili ruksa. Yule mdogo, ambaye shuleni husemwa hana sauti, alisimulia shujaa wake akipanda shingo ya joka kama mgema anavyopanda mnazi, kibuyu kiunoni na yote. Tukampa dadu mbili kabla hajamaliza. Akapata 20 kavu. Majirani waligonga ukuta. Kwa hiyo sheria ile ni tamu, naiondolea lawama, nyota nne. La, tatu, maana aliyeitunga ndiye yule yule aliyeandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya Paka Shume: mkono wa kulia, siku 10.

Nikiuliza siku 10 ni za mchezo au za kalenda, hajibu ujumbe. Kiti cha wiki ijayo nilishakilipia siku ile ile nikiingia, kabla ya chai. Hela hairudishwi, hiyo nayo iko ukutani. Nitakwenda. Paka Shume atarusha visu kwa mkono wa kushoto, na nitasimulia kwa Kiswahili hadi karani aje aniombe nipunguze sauti.