Vipimo vya jeni za farasi: kwa nini nywele za farasi wangu nazituma VGL

Nazalisha farasi wa jamii ya Paint na Quarter, na jike hapandishwi kwangu kabla nywele zake hazijafika maabara. Nimeshatumia maabara zaidi ya moja. Kwa sasa nimetulia VGL, ile maabara ya jeni za wanyama ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Anayetafuta maabara kwa mara ya kwanza hukutana na orodha ndefu za vipimo, picha za farasi wanaong'aa na ahadi za majibu ya haraka, na kwa maoni yangu hayo yote hayamsaidii kuchagua.

Mimi naanzia hapa: je, maabara inakuuzia rangi kama pambo, au inakwambia rangi hiyo inakuja na nini? Kwa farasi, rangi na ugonjwa mara nyingi vinatoka kwenye jeni moja. Silva, inayopausha singa na mkia wa farasi mweusi, inaambatana na kasoro za macho, na mwenye nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi, ndiye huathirika zaidi. Farasi wa madoadoa kama Appaloosa akiwa na nakala mbili za LP, jeni ya madoadoa hayo, haoni gizani tangu kuzaliwa. Kijivu kinaongeza hatari ya melanoma, uvimbe wa saratani, kadiri farasi anavyozeeka. Halafu kuna fremu, jeni ya mabaka meupe.

Jike wangu mmoja ni mwekundu, ana baka jeupe usoni, basi. Ukimpita malishoni huwezi kumhesabu katika farasi wa mabaka. Majibu yake ya VGL yalikuja n/O, yaani ana nakala moja ya fremu. Nakala moja haimdhuru hata kidogo. Lakini akipandishwa na dume ambaye naye ni n/O, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mwenye nakala mbili. Mtoto huyo huzaliwa mweupe au karibu mweupe wote, anasimama, ananyonya, na utumbo wake hauna neva za kusukuma chochote. Choo hakitoki. Tumbo linaanza kumuuma, na ndani ya siku chache anakufa, kama daktari hajamkatishia mateso mapema kwa sindano. Hakuna tiba. Badiliko lenyewe liko kwenye jeni ya EDNRB na limejulikana tangu 1998, kwa hiyo mfugaji wa Paint asiyepima leo sina namna ya kumtetea.

Ninachokipenda kwenye majibu ya VGL ni kwamba yanataja kipimo, yanaonyesha nakala mbili za jeni kwa alama, na yanaeleza alama hizo zina maana gani kwa farasi mwenyewe na kwa watoto wake. Hayana mapambo. Mgeni atalazimika kukaa na kurasa zao za maelezo kwa muda kabla hajazoea kusoma alama za rangi kama E/e, A/a na n/Cr, ila kurasa zenyewe zimeandikwa na watu wanaoijua kazi. Baadhi ya majeni haya yalichunguzwa na watafiti wa Davis hapo hapo, HERDA ikiwemo, ule ugonjwa unaofanya ngozi ya mgongoni ichanike. Utafiti uliohusisha LP na upofu wa gizani uliongozwa na Rebecca Bellone, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa VGL.

Maabara nyingine niliyowahi kutumia, ambayo sitaitaja, iliandika neno moja kwa kila kipimo kilichoonyesha badiliko: mbebaji. Kwa HERDA, au GBED, ugonjwa wa watoto wasioweza kuhifadhi sukari mwilini, ni sawa, maana farasi mwenye nakala moja haugui. Kwa PSSM1, ugonjwa wa misuli inayorundika sukari, ni hatari. Pale nakala moja tu ya badiliko kwenye GYS1 inatosha kumwangusha farasi, na HYPP, ugonjwa wa misuli kutetemeka na kulegea, ni hivyo hivyo. Jike aliyepimwa kule alikuwa na nakala moja ya PSSM1, nikaandikiwa na huduma kwa wateja kwamba mbebaji haumwi. Wakati huo huo alikuwa anatoka mapumzikoni, anafanya kazi kidogo, kisha misuli ya kiuno inakuwa migumu kama ubao, jasho linamtoka, hataki kupiga hatua. Daktari wa mifugo ndiye aliyeniwekea sawa: nafaka na sukari zipungue, nguvu atoe kwenye nyasi na mafuta, na asikae zizini bila kutembezwa kila siku. Amepata nafuu kubwa. Jibu la maabara lingeandikwa n/P1, yaani nakala moja ya PSSM1, na sentensi moja ya maelezo, lingetosha.

Jambo la pili ninaloliangalia ni kipimo ambacho maabara inakataa kukiuza. Kuna vipimo vya misuli vinavyouzwa kwa majina kama P2, P3, P4 na Px, vikidaiwa kubaini aina ya pili ya PSSM na ugonjwa mwingine wa misuli unaofanana nayo. Mwaka 2021 Stephanie Valberg na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha majibu ya vipimo hivyo na misuli yenyewe iliyotazamwa kwa hadubini, na havikuoana. Kuna farasi wazima wanaoondolewa kwenye uzalishaji kwa karatasi za namna hii. Inanisikitisha sana. VGL haiuzi vipimo hivyo, na hilo kwangu lina uzito kuliko orodha yoyote ndefu.

Urefu wa orodha wenyewe si hoja. Lipia kinachohusu damu ya farasi wako. Quarter na Paint wana paneli yao: GBED, HERDA, HYPP, MH (mwili kupanda joto kupita kiasi, hasa kwenye nusukaputi), PSSM1 na MYHM (ugonjwa mwingine wa misuli), na mwenye Paint aongeze fremu. Farasi wa Kiarabu anahitaji vipimo vya SCID (ukosefu wa kinga mwilini), CA (kasoro ya ubongo inayomyumbisha) na kile cha watoto wanaozaliwa na rangi ya urujuani iliyopauka. Warmblood, WFFS kwanza, ugonjwa wa watoto wenye ngozi dhaifu. Kumpima HYPP farasi wa Kiarabu safi ni kutupa pesa, kwa sababu ugonjwa huo ulienea kupitia dume mmoja wa Quarter, Impressive, na uzao wake. Pia uliza chama chako cha usajili kinapokea majibu ya maabara ipi kabla hujatuma chochote. Kwa walio Ulaya, Laboklin ya Ujerumani nayo inafanya vipimo vya jeni za farasi, hivyo sampuli si lazima ivuke bahari.

Kuhusu sampuli, hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazifai, kwa sababu DNA inayotafutwa iko kwenye mzizi. Nashika singa chache karibu kabisa na ngozi, nazizungusha kidoleni, navuta kwa mkupuo mmoja kuelekea juu. Kisha naziinua kwenye mwanga. Kila unywele mzuri una kivimbe kidogo cheupe mwishoni, kama hakipo nautupa. VGL wanaomba nywele 20 hadi 30. Mtoto mchanga mvute za mkia, singa zake ni laini mno na hukatika bila mzizi. Ziwe kavu, zibandikwe kwenye fomu ya farasi huyo tu, na nawa mikono kabla hujamgeukia mwingine.

Kwa rangi peke yake sina ukali huo. Ukitaka tu kujua kama jike wako mwekundu amebeba aguti (jeni inayopanga weusi ukae wapi mwilini) au silva, ambazo kwenye wekundu hazionekani, maabara yoyote yenye sifa itakujibu vizuri. Kwa uamuzi wa kupandisha ndipo narudi VGL.

Na kwa dume wa mtu mwingine, usikubali picha ya simu iliyokatwa pembeni. Dai ripoti nzima yenye jina la farasi na namba yake ya usajili, ulinganishe na cheti chake. Mwenye dume wa n/n, yaani asiye na badiliko, huitoa bila maneno. Mwingine niliyemwomba alisema ataituma kesho, akaacha kujibu, nami nikamwondoa kwenye orodha.